Laibrari moja ya komponenti, app tatu, kila tukigusa batani kuna timu inalalamika

skrini_tatu:
Wakuu habari za saa hizi. Ofisini tuna app tatu za React (zana ya JavaScript ya kujengea skrini), ya wateja, ya mawakala na ya ndani, batani na fomu na modali (vidirisha vinavyochomoza juu ya skrini) zote zinatoka laibrari moja ya komponenti, yaani vipande vya skrini vya kutumia tena. Sasa tukigusa kitu kwa ajili ya mawakala, ya wateja inavurugika. Batani peke yake ina propu (mipangilio inayopewa) kibao, kila timu ikija inaongezewa yake. Na tangu juzi app moja inatupa kosa la "Invalid hook call" wakati kodi yake hakuna aliyeigusa. Tukomae au kila timu ijijengee zake?

kodi_usiku:
Hiyo ya hook (hook ni funksheni maalumu za React) anza nayo mkuu, ndo nyepesi. Mara nyingi ni React mbili zimekutana kwenye app moja, ya app yenyewe na nyingine imeletwa na laibrari. Piga `npm ls react` uone, zikiwa mbili itoe React kwenye dependencies za laibrari uiweke peerDependencies, yaani laibrari itumie React ya app, na ukibildi isifungwe ndani.

mama_kodi:
Batani haitakiwi kujua habari za mawakala jamani. Iachie saizi, aina na disabled, vingine viingie kama children, yaani vinavyowekwa ndani ya batani na anayeitumia, anayetaka ikoni aweke mwenyewe. Kitu cha timu moja kikae kwao mpaka timu ya pili ikiombe. Halafu namba za toleo mnaziheshimu? Kufuta propu au kuibadilisha jina ni kutoka 2.4.0 kwenda 3.0.0, ukiitoa kama 2.4.1 basi kila aliyeandika `^2.4.0` (yaani anakubali toleo lolote jipya kabla ya 3.0.0) inaweza kumwingia akisasisha tu na hajui kimempiga nini.

skrini_tatu:
Asante dada. Na rangi je? Mawakala wanataka kijani chao.

mama_kodi:
Variabo za CSS, laibrari isome `--rangi-kuu` kila app ijaze yake. Ila pimeni kontrasti, WCAG (mwongozo wa kufanya wavuti utumike na watu wote, hata wenye ulemavu) kiwango cha AA inataka 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na maandishi meupe juu ya kijani cha kung'aa mara nyingi hayafiki.

bwana_kopi:
Mi ningefanya kama shadcn/ui, mkusanyo wa komponenti za React, kodi ya komponenti unaikopi kwenye app yako unaimiliki, hakuna cha kusubiri toleo la mtu.

kodi_usiku:
@bwana_kopi sawa, ila modali ikiwa na kosa la kibodi unarekebisha mara tatu, na nikiwajua watu wa app ya ndani ile ya tatu haiguswi mpaka mwakani 😂