Kidonda cha sikioni kwa mdogo wangu hakiponi, na mama hataki kusikia habari ya kisu

Dada wa Mwaloni:
Habari zenu wanajukwaa. Naomba wanaojua wanisaidie, na kama leo umekuja na utani, tafadhali pita tu.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27, ni mtu mwenye ualbino. Tunaishi Sengerema. Kazi yake ni mwaloni, huko ufukweni dagaa wanakoshushwa, anaanika dagaa na kufunga magunia. Baada ya Krismasi alitokwa na kigaga juu ya sikio la kushoto, ukingoni kabisa. Akioga kinabanduka, kinatoa damu kidogo, kinarudi. Tumenunua tyubu tatu tofauti duka la dawa. Sasa ni miezi minne, kimekuwa kigumu kama sugu, katikati kimechimbika, ukubwa wake kama kifungo cha shati. Yeye anasema hakimuumi, kwa hiyo hana haraka.

Juzi daktari akamwambia aende Mwanza akakatwe kipande kipimwe, huenda ni saratani ya ngozi. Mama amegoma. Anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na anamtaja jirani yetu aliyekatwa akafa mwaka huohuo. Ni kweli? Watamkata sikio lote? Na matibabu yenyewe yakoje?

Kofia Pana:
Pole dada. Mimi nina ualbino, miaka 44, ni fundi cherehani hapa Mwanza, na nimeshakatwa mara tatu: shavuni, kisogoni, na juu ya sikio hilohilo la kushoto. Sikio langu limepungua kidogo kwa juu, kama karatasi iliyoonjwa na panya. Wateja hawalioni mpaka niwaonyeshe.

Hilo la kutouma ndilo lililoniponza. Jino likiuma unakimbia hospitali usiku. Hiki kinakaa kimya. Cha shavuni nilikaa nacho karibu mwaka, napaka dawa ya fangasi, halafu mzee mmoja akanipa unga mweusi unaochoma. Juu kikakauka, kikafunga, nikafurahi. Kumbe chini kinaendelea kuchimba. Nilipofika kwa daktari ilibidi wachukue ngozi ya paja kuziba shimo. Kovu la paja liliniuma kuliko la shavu, hilo hakuna aliyeniambia mapema.

Ngozi yetu ina melanini kidogo sana au haina kabisa, ile rangi inayomeza miale ya jua kabla haijaharibu chembe za ndani. Mtoto mwenye ualbino anayelima pamba bila kofia, kama nilivyolima mimi, uharibifu unaanza hapohapo, ila vidonda unaviona ukiwa kijana wa miaka ishirini au thelathini. Mdogo wako naye anasimama mwaloni, jua juu, na mchanga na maji vinamrudishia mwanga usoni.

Kwetu sisi inayotokea zaidi ni ile wanayoiita skwamasi, saratani ya chembe za tabaka la juu la ngozi. Ipo nyingine ya beso, inakwenda polepole na mara chache sana husafiri. Skwamasi ikiachwa inasafiri, na kituo chake cha kwanza ni tezi. Ndiyo maana daktari atamshikashika shingo na chini ya taya. Asishangae.

Sasa habari ya kisu. Cha sikioni nilikiwahi, kikiwa na ukubwa kama wa huyo mdogo wako. Nilichomwa sindano ya ganzi (hiyo inauma, sikudanganyi), wakakata kidonda pamoja na ukanda wa ngozi nzima kukizunguka, nyuzi chache, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nyama ikatiwa kwenye kichupa chenye dawa, ikapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Jambo la kuuliza majibu yakitoka ni moja: kingo ni safi? Maana yake, ukingo wa ile nyama iliyokatwa hauna saratani. Ikiwa si safi wanarudia kukata au wanaongeza mionzi. Zangu za sikio zilikuwa safi, na hapo matibabu yakaishia. Hakuna dripu, hakuna kunyonyoka nywele.

Jirani yenu simjui, lakini nimezika wenzangu wawili walioitwa mfano wa "kisu kinasambaza". Wote walikwenda hospitali uvimbe umeshakuwa kama ngumi na tezi za shingo zimeshajaa. Kisu kilionekana mwisho, kikabebeshwa lawama.

Swali langu kwako: huko mwaloni anavaa kofia gani? Usiniambie kapelo.

Dada wa Mwaloni:
Kapelo, kaka.

Kofia Pana:
Nilijua. Kapelo inakinga pua na paji tu. Masikio na kisogo imeviacha nje kama dagaa.

Mzee wa Mitishamba:
Kabla ya kukimbilia visu jaribuni utomvu wa papai bichi. Babu yangu alitibu vidonda sugu kijiji kizima.

Kofia Pana:
Shikamoo mzee wangu. Vidonda vya jembe na miiba namwachia babu. Hiki hakikuletwa na jembe. Mimi dawa ya kuchoma imenigharimu nusu shavu.

Muuguzi wa Zamu:
Naongezea kidogo tu. Kukata kipande cha kupima hakusambazi saratani ya namna hii, mwambieni mama kwa upole. Ila sikio na mdomo ni sehemu ambazo skwamasi huwahi kusafiri kuliko ikiwa mkononi, kwa hiyo msingoje mavuno wala pesa ya dagaa wa mwezi ujao. Ombeni barua ya rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni karibu yenu, na ikihitajika mionzi ipo hapohapo, si lazima tena kusafiri mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Mionzi ni safari za kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, ndugu ajipange na mahali pa kulala.

Pia akaguliwe mwili mzima. Yale magamba madogo makavu ya mikononi na usoni ambayo bado hayajawa saratani hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inafuka moshi, inauma kama kuungua, kinatoka lengelenge, kinapona. Kama kliniki ina losheni ya kukinga jua ya Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC, aombe. Apake tena kila baada ya saa mbili, na masikio yasisahaulike.

Mchaga Mweusi Tii:
Kwa hiyo sisi weusi tumesalimika?

Muuguzi wa Zamu:
Tumepunguziwa tu. Kwetu tazama nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hata jua halifiki. Bob Marley alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na saratani yake ya ngozi ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Doa jeusi kisiginoni linalopanuka si mwiba uliobaki. Na kovu la zamani la moto likianza kuwa kidonda tena baada ya miaka, usilifunge bandeji tu.

Dada wa Mwaloni:
Wiki tatu zimepita, narudi kuwashukuru. Nilimsomea mama maneno ya Kofia Pana, ile ya karatasi na panya ikamchekesha, akasema basi twende wote. Wamekikata chote Jumanne. Sikio lipo, limefungwa, limekuwa kama andazi. Wamegandisha na magamba mawili usoni. Majibu bado, tumeambiwa tusubiri. Kichupa chenye nyama mama ndiye aliyekibeba mpaka dirisha la maabara, kakifunga kwenye kanga kama mayai, hakutaka mtu mwingine akishike.

Mwenye dagaa amekubali amhamishie mezani chini ya banda, awe anapima na kuandika. Ila jioni lazima atoke kupakia, mkataba ndio huo.

Kaka Kofia Pana, hizo kofia unashona mwenyewe? Za dukani zote zinambana.

Kofia Pana:
Nashona. Jeans nzito, ukingo upana wa kiganja kuzunguka pande zote, na kamba ya kufunga kidevuni maana upepo wa ziwa naujua. Mpime kwa uzi, upite juu kidogo ya masikio, usibane bandeji. Nitumie sentimita. Na majibu yakitoka usisahau lile swali la kingo.