Ozoni ya chini na karakana ya uani: naomba ushauri

Fundi wa Malindi: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Natengeneza vitanda na milango uani kwangu, na vanishi huipaka adhuhuri kwa sababu jua la kaskazi huikausha upesi. Binti yangu ana pumu, na nimesikia kwamba mvuke wa tina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi na rangi, ukipigwa na jua huzaa ozoni, gesi inayowasha mapafu, hata pasipo moshi. Ninayo pia pikipiki na genereta ndogo. Nibadilishe nini bila kuiua kazi?

Mwalimu wa Kemia: Wa aleikum salaam, fundi. Ulilosikia ni kweli kwa sehemu, kwani mvuke peke yake hautoshi. Ozoni ya angani juu hutukinga na miale mikali. Hii ya chini huzaliwa pale oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na mioto zinapokutana na mivuke ya petroli, tina na rangi chini ya jua kali, na ndiyo maana huzidi tangu adhuhuri hadi alasiri. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 8 usizidi maikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo. Genereta inayonguruma kando ya kopo la tina lililo wazi, saa saba mchana, imetimiza masharti yote. Paka jioni, funika kopo kila umalizapo kuchovya brashi, jaza petroli jua likishapoa bila kuifurisha tangi, na pikipiki ikisubiri abiria izimwe.

Muuguzi: Naafiki, ila mvuke wa tina wenyewe huwasha mapafu kabla haujazaa ozoni. Ukipaka jioni huku dirisha la mtoto likitazama ua, umempunguzia moja ukamwongezea jingine. Weka kazi mahali ambapo upepo unatoka nyumbani kwenda kwenye kazi. Kusi ikiingia, itakubidi uhame upande. Michezo ya kukimbia iwe asubuhi, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Fundi wa Malindi: Ahsanteni. Lakini vanishi ya jioni hushika umande ikafifia.

Seremala Mzee: Anza saa kumi na moja, chini ya banda lililo wazi pembeni, umande usiifikie. Milango ya ndani ipake vanishi ya maji: mvuke wake ni mchache, na brashi huoshwa kwa maji badala ya tina. Milango ya nje inayopigwa na chumvi ya bahari mimi bado sijaiamini nayo.