Chuo cha amali Pemba: fedha kidogo za usalama, tuanzie wapi?

karakana_pemba
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Chuo chetu cha amali kina wanafunzi 180, na 72 kati yao wanalala dahalia: wasichana 30, wavulana 42. Majengo yote ni ya chini, yameezekwa bati. Tuna karakana ya kuchomelea vyuma, ya umeme, ya useremala, na jiko la mafunzo linalotumia gesi. Mitungi ya kuzimia moto ipo miwili tu, yote ofisini. Kengele ni ya umeme. Dahalia ya wasichana ina mlango mmoja na madirisha ya nondo. Saa 4 usiku hutiwa kufuli kwa nje, ufunguo anao matroni. Kamati imetenga fedha na inataka kununua mitungi 10 ya poda. Je, ndipo pa kuanzia?

Mkaguzi wa Majengo
Waalaykum salaam. Mitungi isubiri, ndugu yangu. Kufuli hilo liondoke leo, kabla ya Magharibi, na halina gharama.

Machi 2001, katika skuli ya Kyanguli nchini Kenya, moto wa usiku uliua wavulana 67 bwenini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Yenu ni hali ileile, tena mlango wenu ni mmoja. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake mweusi unajaza chumba kwa dakika chache, na ndani ya moshi huo hakuna atakayeisubiri funguo ya matroni. Wekeni komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Hofu ya wezi inajibiwa kwa taa ya nje na mlinzi anayezunguka.

Pili, mlango wa dharura kwenye ukuta wa upande wa pili, upana sentimita 90, ufunguke kwa nje. Watu wanaosukumana hawawezi kuvuta mlango kwa ndani, wanaukandamiza. Mlango wa upana huo hupitisha watu 40 hadi 60 kwa dakika wakienda kwa utaratibu, kwa hiyo wasichana 30 wanatoka chini ya dakika moja. Mlango mmoja ukizibwa na moto, hesabu hiyo haina maana tena, ndiyo sababu ya kutaka wa pili.

Tatu ni madirisha, na hapa mna bahati ya kuwa na karakana. Kila chumba, chagueni dirisha moja. Kateni nondo zake zote, zichomelewe kwenye fremu ya chuma cha pembe, kisha fremu ining'inizwe kwa bawaba tatu na komeo la ndani kwenye kimo cha mkono wa msichana mfupi kuliko wote. Uwazi usipungue sentimita 60 kwa 90. Kinachoharibu kazi hii Pemba ni chumvi ya bahari: komeo likikaa miezi mitatu bila kuguswa linashika kutu na halisogei. Tieni grisi, na kila tarehe 1 ya mwezi mtu alifungue na kulifunga. Kitanda kisiwekwe mbele ya dirisha hilo kamwe.

Fundi Umeme Wete
Naunga mkono. Naongeza la kengele. Umeme wa Pemba unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, na ukikatika, kengele yenu imekufa. Tena moto wa umeme mara nyingi huangusha breka kubwa kwanza, kwa hiyo kengele inazimika wakati ule ule inapohitajika. Tundikeni rimu kuu kuu ya gari katikati ya uwanja na chuma cha kugongea kilichofungwa kwa mnyororo kisichukuliwe. Mlio wa dharura uwe tofauti na wa kipindi: kugonga mfululizo bila kupumzika. Rimu ya pili iwe karibu na dahalia.

Kwenye bodi ya umeme, kila breka iandikwe inazima jengo gani. Saketi za soketi ziwekewe breka ya kuvuja umeme (inayokata umeme ukianza kuvuja) ya miliampea 30. Hiyo ndiyo inayookoa uhai, breka ya kawaida inalinda waya tu. Dahalia, pigeni marufuku hita za koili za kuchemshia maji na pasi kwenye ekstensheni. Ekstensheni ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000. Pasi na koili mbili tayari zimeizidi, na waya uliokunjwa chini ya godoro hauwezi kupoa. Simu zichajiwe mezani, si kitandani ndani ya chandarua.

Jiko na Karakana
Kuhusu mitungi 10 ya poda: msinunue aina moja. Poda ya kilo 6 ni nzuri kwa useremala na dahalia, lakini inamalizika ndani ya sekunde 15 hadi 20, na anayeitumia mara ya kwanza hupoteza nusu yake kwa kulenga juu ya miale. Lenga shina la moto, simama mita 2 hadi 3, upepo uwe mgongoni. Kwa bodi ya umeme chukueni ya kaboni dioksaidi. Jikoni, kinachotakiwa kwanza ni mfuniko wa sufuria na blanketi la moto. Mafuta yakiwaka, zima gesi, funika, usifunue mpaka yapoe. Maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha moto hadi darini.

Kila mtungi utundikwe ukutani njiani mwa kutokea, mpini usizidi mita 1.5 kutoka sakafuni. Kila mwezi angalieni sindano ya geji iko kwenye kijani, pini ipo, na kitako hakijaliwa na kutu. Wa kaboni dioksaidi hauna geji: unapimwa kwa mizani, na gesi ikipungua kwa asilimia 10 unarudishwa kujazwa.

Mitungi ya gesi ya kupikia ikae nje, ndani upite mpira au bomba tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya sakafuni. Ukiinusa, fungua milango, funga mtungi, usiguse swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Karakana ya kuchomelea: mtungi wa asetilini, gesi ya kuchomelea, usimame wima daima, umefungwa mnyororo. Oksijeni isiguswe na mafuta wala grisi, hata kidole chenye grisi kwenye regulata (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi) kinaweza kuleta mlipuko. Baada ya kuchomelea, mtu abaki pale nusu saa hadi saa nzima. Cheche hulala kwenye unga wa mbao na kuamka watu wakiwa wameshaondoka, kwa hiyo useremala usiwe jirani.

Muuguzi wa Zamu
Langu fupi. Aliyeungua: maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si asali, si barafu. Aliyepigwa na umeme: zima kwanza, au msukume kwa mti mkavu. Hapumui? Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Walimu wa karakana wote wajifunze hili kwa mikono, kulisoma ukutani hakutoshi.

karakana_pemba
Shukrani sana. Zoezi la kutoka tulifanyeje bila kuleta taharuki? Na mwezi wa Ramadhani?

Mkaguzi wa Majengo
La kwanza litangazwe siku moja kabla, na sheha na majirani waambiwe. La pili lisitangazwe, na liwe usiku baada ya Isha, kwa sababu zoezi la mchana halimfundishi mtu kutafuta mlango gizani. Anayeshika saa aanze pale rimu inapogongwa. Lengeni dakika 2 na nusu hadi wa mwisho kutoka. Mahali pa kukutania pawe mbali na majengo na pasizibe njia ya gari la zimamoto. Lango nalo upana wake usiwe chini ya mita 3.7. Daftari la waliolala dahalia liandikwe nakala mbili kila usiku, moja kwa matroni, moja kwa mlinzi langoni. Daftari likibaki ndani, hakuna anayejua nani hajatoka, na hapo ndipo mtu hurudi ndani kumtafuta mwenzake ambaye yuko nje.

Ramadhani jiko huwashwa saa za daku wakati wengi wamelala. Mpishi asiwe peke yake, na mlinzi apite jikoni baada ya moto kuzimwa.

Kama mna mwanafunzi kiziwi, rimu haimsaidii. Apewe wenzake wawili wa chumba kimoja wa kumwamsha, si mmoja, kwani mmoja anaweza kuwa amekwenda kwao wikiendi hiyo.