Naomba ushauri: kikundi chetu cha mwani kinunue mashine au tuendelee kuuza mkavu?

Binti_Mlingotini: Habari wakuu. Niko Mlingotini, Bagamoyo. Tupo wanawake 22 tunalima mwani, na tuna kikoba. Mnunuzi anatukopesha kamba na taitai (vile vikamba vya kufungia mwani), kwa hiyo lazima tumuuzie yeye, kwa bei yake. Kilo saba mbichi zikikauka unabaki na kama moja. Unashinda majini, unarudi na hela ya unga. Nawaza tununue mashine ya kusaga, tufanye unga wa mwani na sabuni wenyewe, hela izunguke hapa hapa kijijini. Kikoba kina milioni 3.8. Wiki nzima silali.

Chungwa_la_Muheza: Pole dada. Sisi huku dalali ananunua machungwa yakiwa mtini, anakadiria kwa macho tu. Tukajichanga tukaleta mashine ya juisi. Umeme upo, matunda yapo, chupa hakuna! Leo kuku wanataga humo.

Mzee_wa_Kaole: Riba za vikoba zinakula baraka. Nendeni halmashauri, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba.

Binti_Mlingotini: Shikamoo mzee. Tumeomba, tunasubiri.

Pwagu: Hiyo sabuni inatoa madoa? Shemeji yenu uso umemharibika.

Mama_Gengeni: Wazo tu halimnyimi mtu usingizi wiki nzima. Hela ipo?

Binti_Mlingotini: Ipo. Ila milioni 1.5 nimeshampa fundi.

Mama_Gengeni: Fundi nani? Na wenzio wanajua?

Binti_Mlingotini: Ni mdogo wake mume wangu, lakini sikumpa kwa sababu hiyo, wengine wote walitaja bei kubwa. Wenzangu nitawaambia mashine ikifika, wakiiona watafurahi. Kwenye vikao tunabishana mpaka maji yanajaa.

Mama_Gengeni: Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Ulifunguaje?

Binti_Mlingotini: Siku hizi tunaweka kwenye simu. Laini iko kwangu, mimi ndiye mweka hazina.

Mama_Gengeni: Yallah.

Kachaa_wa_Pwani: Wakuu mnamaliza bando bure. Hii chai. Si ndiye yule wa mradi wa bata mwaka jana? Haya, mkulima wa mwani, bamvua maji yanakupwa saa ngapi?

Binti_Mlingotini: Saa nne hivi asubuhi, na usiku vilevile. Na cottonii, aina ya mwani, ndiyo yenye bei, tuliiacha kwa sababu maji yakipata moto inapauka, inakatika. Bata simjui.

Kachaa_wa_Pwani: Hapo umepata. Lakini yule wa bata naye alijibu vizuri.

Mzee_wa_Kaole: Bata gani?

Mama_Gengeni: Achaneni na bata. Kikao chenu lini?

Binti_Mlingotini: Jumamosi baada ya alasiri. Shemeji kasema mashine Ijumaa iko tayari.

Chungwa_la_Muheza: Ijumaa ipi?