Madai ya Amgen yamebatilishwa: je, Repatha sasa haina mwenyewe?

Mfamasia: Ndugu zangu, salaam. Vidonge vya atorvastatini vya kushusha kolesteroli, ambavyo zamani vilifahamika zaidi kwa jina la Lipitor, nauza vya watengenezaji kadhaa tangu hataza yake, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ilipoisha Marekani mwaka 2011. Sindano za kolesteroli za Repatha, ya kampuni ya Amgen, na mshindani wake Praluent, zilizoidhinishwa huko mwaka 2015, sijawahi hata kuziagiza. Kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha madai ya hataza za Amgen mwaka 2023, je, yeyote aweza kuitengeneza Repatha?

Mwanasheria: La hasha. Hataza inayoilinda Repatha yenyewe, kwa mfuatano wake wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini), haikubishaniwa katika shauri lile. Amgen ilikuwa imeeleza mfuatano wa kingamwili 26 (protini za kinga, kama iliyomo ndani ya Repatha), kisha ikadai kumiliki kila kingamwili inayojishika kwenye sehemu fulani za protini ya PCSK9 na kuizuia isiviharibu vipokezi vya ini vinavyoondoa kolesteroli ya LDL katika damu, zikiwemo zile ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ni mvuvi aliyeonyesha samaki 26 akaomba hati ya bahari. Majaji wote walikubaliana kwamba anayedai mengi sharti afundishe jinsi ya kuyatengeneza yote hayo. Kwa maoni yangu, uzito wa hukumu uko hapo: mtafiti hawezi tena kwa urahisi kuwafungia wengine shabaha nzima ya ugonjwa, yaani kitu ambacho dawa hulenga mwilini, kwa kueleza tu kazi ambayo dawa inafanya.

Mtafiti wa maabara: Nyongeza moja. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, hailazimiki chini ya TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki miliki katika biashara, kulinda hataza za dawa hadi mwanzoni mwa 2033; Kenya haimo katika kundi hilo. Hata hivyo, statini, kundi la dawa kama atorvastatini, huundwa kwa kemia ya kawaida, ilhali kingamwili hukuzwa ndani ya seli hai, na mitambo yake haipatikani kwa kufutwa hataza.

Mfamasia: Na inclisiran, sindano nyingine ya kolesteroli, inayochomwa kila miezi sita baada ya dozi mbili za mwanzo?

Mtafiti wa maabara: Hiyo si kingamwili. Ni kipande kifupi cha RNA kinachozuia ini lisiitengeneze PCSK9, nacho huundwa kwa kemia bila seli hai, kwa hiyo kikwazo cha seli hakipo. Kinachobaki ni hataza za mfuatano wake na za sukari inayokifikisha kwenye ini.