Kaskazi hii nataka kuhamia kwenye mashua na mke wangu. Nishaurini

Fundi wa Kisauni:
Salaam aleikum wadau. Nina mashua ya tanga ya faiba, futi 27, niliyoinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao. Mlingoti mmoja, injini ndogo ya dizeli, vitanda viwili vya kubanana, jiko la gesi, na choo ambacho sitakieleza hapa watu wasije wakaacha chakula. Sasa hivi imefungwa kwenye boya ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Kazi zangu za umeme hupungua kuanzia Desemba, na nia ni mimi na mke tuishi humo humo mpaka Machi. Tupande Lamu kwanza, tukae kidogo, halafu tuteremke polepole hadi Shimoni na Wasini. Wazungu wanaokimbia baridi ya kwao nawaona wakifanya hivyo kila mwaka, sioni kwa nini sisi wenye bahari tusiweze. Kuogelea najua, ngalawa nimepanda tangu mdogo, ila kulala chomboni wiki baada ya wiki sijawahi. Mke amekubali kwa sharti mbili: asichomeke kwa joto usiku, na maji ya kuoga yawepo. Mama mkwe bado hajaambiwa.

Bahari Imenilea:
Wa aleikum salaam mwanangu. Hiyo njia umeipanga kinyume. Kaskazi, yaani upepo wa kaskazini-mashariki, ikishakaza, mwisho wa Desemba mpaka Februari, inatoka huko huko unakotaka kwenda wewe. Majahazi yalikuwa yakiteremka kutoka Arabuni kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi, upepo wa kusini, na hawakuwa wajinga.

Mombasa hadi Lamu ni kama maili 130 za baharini ukinyoosha mstari. Wewe hutanyoosha, utakwenda kwa bisho, ukikata upande huu kisha ule dhidi ya upepo, kwa hiyo hesabu zaidi sana. Utaambiwa mkondo wetu unapanda kaskazini kwa hiyo utakusukuma. Ni kweli unasukuma, lakini mkondo ukikutana na upepo uso kwa uso, bahari inasimama: mawimbi mafupi, yamekaribiana, chombo kidogo kinagonga badala ya kupanda. Siku moja ya hivyo na mke atashukia Kilifi apande matatu.

Teremka Shimoni kwanza. Ni kama maili 40, upepo nyuma yako. Kwa noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, ni saa kumi za safari, basi ng'oa nanga kabla ya alfajiri, ufike jua bado liko juu uone rangi ya maji. Palipo kahawia pana mwamba. Kurudi, subiri Machi kaskazi ilegee, hapo mkondo utakuwa rafiki yako. Lamu iweke mwakani, kusi inapoishia, Oktoba hivi, upande na upepo wa mwisho kisha uteremke na kaskazi changa.

Mtu wa Shela:
Mzee kamaliza. Ukiwa na hamu ya Lamu Januari njoo na basi, chai iko tayari.

Asha wa Mtwapa:
Mimi nimeishi kwenye boti na mume wangu, kwa hiyo naomba niseme na shemeji moja kwa moja, maana wanaume hapa watajadili upepo mpaka kesho.

Dada, usiku joto halitoki nje, liko ndani ya faiba. Jua la mchana linaingia kwenye dari na linabaki pale mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo kabla ya feni, kabla ya paneli, mwambie anunue turubai. Jeupe au la rangi ya mchanga, lipite juu ya mti wa tanga kama paa la hema, lifunike kutoka mlingotini mpaka nyuma, na liwe na mashavu ya kushusha jua la jioni likija kwa ubavu. Limefungwa tangu asubuhi, si mnapohisi joto.

La pili ni kitambaa cha kunasa upepo. Chukueni kitambaa chepesi kisichopitisha upepo sana, mshoneshe mfano wa mfuko mkubwa uliokatwa upande mmoja, mdomo uelekee omo, mbele ya chombo, mkia uingie kwenye tundu la juu la chumba. Chombo kikiwa nangani hujigeuza kikatazama upepo chenyewe, mfuko unajaa na ndani kunapulizwa usiku kucha bila senti ya umeme. Sisi wetu uliraruka tukaweka leso, ikafanya kazi, ingawa jirani walidhani tumeanika. Mkifungwa gatini hamtapata hiyo raha, kwani chombo hakigeuki. Na ndani ya vijito vyetu pia mara nyingine maji yanayokupwa yana nguvu kuliko upepo, chombo kinatazama mkondo na upepo unakuja kwa ubavu. Usiku huo ndio wa feni.

Maji: weka lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika na kujisuuza. Madumu ya lita 20 yanatosha, msinunue makubwa zaidi, nani atayabeba kutoka kwenye kidau? Kuoga ni kuruka baharini, kujipaka sabuni, kuruka tena, halafu kopo mbili za maji baridi kutoa chumvi. Chumvi ikibaki mwilini mtajikuna na matandiko yatakuwa na unyevu siku zote. Vyombo vya jikoni vioshwe kwa maji ya bahari mkiwa Wasini, si hapo mlipo sasa. Kijito cha Tudor kinapokea maji machafu ya mji, hata kuoga hapo msithubutu.

Na mkae mbali na mikoko jioni. Mbu atazuiwa na chandarua, lakini visubi wanapenya matundu ya kawaida.

Dizeli na Chumvi:
Ongezeni hili la gesi, kaka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja inatoka mlangoni, kwenye chombo inateremka mpaka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kukaa pale ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje kwenye sitaha, valvu ifungwe kila mkimaliza kupika. Jiko la makaa ndani ya chumba ni marufuku kabisa, moshi wake usioonekana unaua mtu usingizini.

Nanga nayo: bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikiwa kubwa hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitia nanga maji yamekupwa ukaona mita 4, hesabu mnyororo kwa mita 7, mara tano yake, yaani 35. Ukihesabu kwa zile 4 utaamka saa kumi usiku umeburura nanga, na bamvua za Mombasa hujaa karibu na saa hizo hizo. Kinyume chake, ukitia nanga maji yamejaa karibu na ufuko, asubuhi umepwelewa.

Taa nyeupe nangani kila usiku. Karatasi za chombo na ukaguzi ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, maboya ya kujiokoa yawe ya kuvaa, si ya kukalia. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, sikiliza chaneli 16 ya dharura.

Baharia wa Southampton:
Niko Uingereza, nafanya kazi kwenye gati la boti. Hawa unaowaona huko kwenu ni wachache, wengi wa huku hushuka visiwa vya Kanari, kisha huvuka kwenda Karibi msimu wa vimbunga ukishaisha mwisho wa Novemba. Wanaporudi siwasikii wakilalamikia dhoruba. Wanalalamikia mwenzi anayeacha viatu njiani. Gawaneni sehemu mapema: rafu hii yako, hii yangu. Na kila mmoja awe na ruhusa ya kwenda pwani peke yake bila kuulizwa.

Fundi wa Kisauni:
Shukran sana. Lamu nimeifuta. Mke amesoma jibu la Bi Asha mara mbili na tayari anauliza bei ya turubai Marikiti. Maswali mawili: friji niweke? Na Kisite naweza kutia nanga tu nikavua kitoweo?

Dizeli na Chumvi:
Friji itakula betri yako yote, wewe ni fundi umeme unajua. Feni ndogo ya volti 12 inakula amp 1 au pungufu, hiyo ndiyo ubebe. Samaki na maziwa viweke kwenye sanduku la barafu, wavuvi wanayo.

Bahari Imenilea:
Kisite ni hifadhi ya baharini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, utalipa kiingilio na kuvua humo hairuhusiwi. Usitupe nanga juu ya matumbawe, tumia maboya yaliyowekwa. Kitoweo nunua Shimoni kwa wavuvi, asubuhi. Na mama mkwe mwambie kabla hujaondoka, asije akasikia kwa jirani.

Asha wa Mtwapa:
Turubai pima kwanza chomboni, kwa kamba. Duka watakuuzia lolote walilonalo. Na pete za kufungia ziwe za shaba, za chuma zitaoza kabla ya Februari.