Tupeane uzoefu: siku mteremko wa Usambara ulipokukimbiza

Mwana wa Mtae
Mvua ya usiku wa kuamkia leo imenirudisha mwaka niliomaliza shule ya msingi, tulipoamka tukakuta nusu ya njia ya kwenda shuleni imeshuka bondeni pamoja na migomba ya baba mkubwa. Ninyi mliozaliwa au kukaa Usambara, naomba mnieleze siku mteremko ulipowakimbiza na dalili mlizoziona kabla. Wazazi wangu bado wanaishi huko, na mdogo wangu amenipigia simu kuwa kuna ufa juu ya nyumba, nyuma ya migomba.

Mpita Soni
Kutoka Mombo, kule chini ya milima, hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini niliwahi kuzitembea kwa saa tisa, kwa sababu jiwe kubwa kama banda la kuku lilikuwa limekaa katikati ya kona juu kidogo ya Soni. Pole kwa wazazi, kaka.

Binti wa Bumbuli
Sikukusudia kuandika, lakini neno "ufa" limenitoa jasho.

Ilikuwa Aprili, masika yamekazana siku ya nne mfululizo. Kijito kilichopita kando ya nyumba yetu kilikuwa kikinguruma tangu juzi yake, kiasi kwamba tuliongea kwa kupaza sauti hata ndani. Tukiwa tunakula chakula cha usiku, kijito kikanyamaza. Mvua ilikuwa ile ile, bati linapigwa vile vile, ila maji hayasikiki. Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akifanya jambo kwa haraka, alisukuma sahani, akasimama na kusema tutoke wote sasa hivi, maana kijito kinachonyamaza mvua ikinyesha kimezibwa huko juu. Tulitoka bila viatu. Mama alitaka kurudi kuchukua sanduku la nguo, bibi akamshika mkono. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, tukakata ubavu wa kilima kuelekea kwenye mgongo wake. Hatukushuka bondeni.

Mlio wake haufanani na radi. Ni kama magunia ya mahindi yanamwagwa sakafuni na hayaishi, kisha inakuja harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatika. Kulipokucha, jiko halikuwepo, mbuzi wawili hawakuwepo, na pale palipokuwa na shamba la maharage palibaki jiwe tupu, limesuguliwa kama sahani. Nina watoto wakubwa sasa, na bado mvua ya usiku hunikalisha kitandani nikisikiliza.

Mgwashi Kwetu
Kijito kunyamaza ni kweli kabisa. Nasi tulifundishwa hivyo.

Kijana wa Nyika
Pole sana, dada. Nilisikia milima hiyo ilikuwa volkeno kama Kilimanjaro, ndiyo sababu ardhi yake haijatulia.

Mwalimu Mstaafu, Mlalo
Sivyo, mwanangu, na kosa hili nimelisahihisha darasani miaka mingi. Kilimanjaro ni volkeno changa, lakini Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kufika Udzungwa. Miamba yake, hasa ile migumu yenye mistari iitwayo naisi, ilipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa vipande vipande kwenye mipasuko. Ukisimama kwenye genge la Irente ukaona nyika ya Mazinde iko chini ya miguu yako, unatazama matokeo ya mpasuko. Lile jiwe tupu aliloliona Binti wa Bumbuli ndilo mwamba wenyewe. Juu yake joto na mvua za Bahari ya Hindi zimetengeneza udongo mwekundu mzito, nao ukishiba maji huteleza, hasa mizizi ikiwa imeondolewa.

Amani Juu
Shikamoo mwalimu. Upande wetu wa mashariki, iliki ililimwa chini ya miti mikubwa, watu wakadhani msitu upo kwa sababu vilele vinaonekana, kumbe chini kumefyekwa na miche haikui. Hifadhi ya Amani ilitangazwa 1997, na Mto Sigi unaotoka huku ndio unaonywesha jiji la Tanga. Kaka, panda miti juu ya huo ufa.

Mpita Soni
Miti ya leo haitashika udongo wa wiki hii. Wahamishe wazee wakakae Mombo.

Mgwashi Kwetu
Mombo kuna malaria, na mafuriko ya milimani huishia huko huko! Wazee wetu walijenga kwenye migongo ya vilima kwa akili. Waambieni wachimbe matuta.

Mjukuu wa Vugha
Usitaje matuta mbele yangu. Miaka ya 1940 na 1950 Waingereza waliwalazimisha watu kuyachimba, na bibi zetu ndio walioinama juani hadi watu wakakataa. Wasambaa walijua kuitunza nchi; walisema kuzifya shi, kuiponya nchi, na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, aliwajibika kwa mvua na njaa mbele ya watu wake.

Mwalimu Mstaafu, Mlalo
Uchungu wako ni wa haki, mjukuu wangu, nami ni mtoto wa mmoja wa waliokataa. Hata hivyo, mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine wilayani Lushoto, watu wakapanda majani ya gwatemala na miti ya migrivea kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, na mashamba kadhaa ninayoyajua yamesimama. Mimi ubaya nauona katika kulazimishwa. Lakini mteremko uliokwisha kupasuka usichimbwe tuta, kwa kuwa tuta hukusanya maji na kuyaingiza ndani ya ufa.

Binti wa Bumbuli
Mwana wa Mtae, acha mabishano haya. Ufa una upana gani?

Mwana wa Mtae
Mdogo wangu anasema jana uliingia vidole, leo asubuhi umeingia mkono mzima. Baba anakataa kuacha ng'ombe.

Binti wa Bumbuli
Ng'ombe watangulie, atawafuata mwenyewe.

Mwana wa Mtae
Ahsanteni. Saa kumi na moja jioni hii ng'ombe wamefika kwa shemeji, mgongoni mwa kilima, na baba amekuja nyuma yao akiwa na fimbo yake na redio. Mama ameshafika. Mvua inaendelea.